Nyumba ikiungua, kodi ya miezi sita inarudi vipi?

Dar es Salaam wenye nyumba wengi hawamkabidhi mpangaji ufunguo mpaka alipe kodi ya miezi sita, na wapo wanaodai ya mwaka mzima. Mkataba anaotia saini unaeleza habari za maji, LUKU, wageni na kupaka rangi siku ya kuhama. Habari ya bima haimo. Moto ukizuka mwezi wa pili, ndipo watu wanapoanza kuulizana nani alipaswa kufanya nini.

Jibu la kawaida ni kwamba jengo ni la mwenye nyumba, akate bima yake. Kitanda, friji na nguo ni vya mpangaji, naye akate yake. Ni kweli, kwa sababu bima hukatwa na yule ambaye kitu kikipotea hasara ni yake. Lakini jibu hilo linaisahau fedha iliyolipwa mapema, na hapo ndipo mpangaji anapoumia zaidi.

Kifungu cha 88 cha Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 kinasema nyumba ikiharibiwa na moto au mafuriko pasipo uzembe wa mpangaji, hata isikalike, kodi inasimama mpaka itengenezwe. Ni sharti zuri kwa anayelipa mwezi kwa mwezi, kwani yeye anaacha tu kulipa. Aliyelipa ya miezi sita inabidi amfuate mwenye nyumba amrudishie ya miezi minne iliyobaki, na mwenye nyumba mwenyewe kapoteza jengo, fedha ameshalipia ada za watoto. Haki ipo, pesa haipo. Ndiyo maana nashikilia kwamba anayepokea kodi ya mbele anapaswa kuwa na bima ya jengo, tena yenye kipengele cha kufidia kodi inayopotea.

Sheria ya Fedha ya mwaka 2022 ilifanya bima kuwa ya lazima kwa masoko ya umma na majengo ya biashara, mwaka mmoja baada ya Soko la Kariakoo kuungua Julai 2021. Nyumba yenye vyumba kumi vya wapangaji, kwa maoni yangu, ni biashara kamili. Serikali tayari inaitoza kodi ya zuio ya asilimia 10 kwenye pango. Kipato kinachotambulika wakati wa kukusanya kodi kitambulike pia wakati wa kumlinda anayekitoa.

Watasema mwenye nyumba atamtupia mpangaji gharama hiyo. Huenda. Tuihesabu basi. Nyumba ya tofali ya shilingi milioni 80, hata ikitozwa asilimia moja kamili kwa mwaka, na kwa kawaida bima ya moto ya makazi haifiki huko, ni shilingi 800,000. Kwa vyumba kumi, kila mpangaji anaongezewa chini ya shilingi 7,000 kwa mwezi. Kumtafutia mtu kodi nyingine ya miezi sita akiwa amelala kwa ndugu ni ghali zaidi ya hapo.

Wenye nyumba wasijidanganye kwa kutaja thamani ndogo ili walipe kidogo. Nyumba ya milioni 80 ikikatiwa bima ya milioni 40, hasara ya milioni 20 hufidiwa nusu tu.

Mpangaji naye asidhani bima ya mwenye nyumba inamkinga. Godoro lake halimo humo. Na kama moto umetokana na uzembe wake, labda pasi aliyoiacha ikiwaka, kampuni ya bima ikishamlipa mwenye nyumba inaweza kumgeukia yeye na kumdai. Bima yake inapaswa kugusa vyombo vyake na pia madhara anayoweza kuwasababishia wengine.

Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA) na Wizara ya Ardhi zitamke wazi kwamba nyumba za kupangisha zinabanwa na sharti la bima. Nawe mpangaji, kabla hujahesabu noti za miezi sita, omba kuona hati ya bima ya jengo, na hakikisha mkataba unasema kodi ambayo hujaikalia itarudishwa ndani ya siku ngapi.