Msiwavue Viatu Mapema

Leo nina neno na wazazi, na hasa akina baba, juu ya watoto wanaozaliwa na mguu kifundo. Ni ule mguu ambao unyayo umegeukia ndani, kisigino kimepanda juu na vidole vinatazama mguu wa pili, hata mtoto akija kusimama atakanyagia ubavu wa nje badala ya wayo. Hutokea karibu kwa mtoto mmoja katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa duniani. Wavulana ni kama mara mbili ya wasichana, na karibu nusu ya watoto hao miguu yao yote miwili imepinda. Tanzania peke yake huzaliwa watoto zaidi ya milioni mbili kwa mwaka. Kila mtu na apige hesabu yake.

Watoto hao wanatibika, na wengi wao wanatibika vizuri mno. Lakini mguu ukishanyooka tunashangilia, tunarudi nyumbani, tunasahau, na baada ya muda mguu umerudi ulikokuwa. Sehemu kubwa ya tiba hii haiko hospitalini. Iko nyumbani, usiku, kwa miaka ipatayo minne, na mzigo huo tumemtwisha mama peke yake.

Nianze na lawama, maana ndizo zinazokula muda wa mwanzo. Mtoto akizaliwa hivi, ukoo hauulizi apelekwe wapi. Unauliza mama yake alifanya nini. Ataambiwa alimcheka mlemavu akiwa mjamzito, au alikanyaga kitu njia panda, au kwao kuna laana iliyofichwa wakati wa posa. Miezi inapita kwa waganga, na mtoto anazidi kukomaa viungo. Wataalamu hawajaona sababu moja inayoeleza kila mtoto. Wanalojua ni kwamba mguu huo hupinda mimba ikiwa katika miezi yake ya kati, kwamba kano za upande wa ndani na wa nyuma huwa fupi na ngumu, na kwamba katika baadhi ya familia jambo hili hurithiwa, kwa baba au kwa mama. Ewe baba unayemtazama mkeo kwa jicho la pembeni, huenda mguu huo umetoka kwenu.

Zamani dawa iliyosifiwa ilikuwa kisu. Mguu ulifunguliwa, kano zikakatwa huku na huku, mifupa ikapangwa upya. Ulinyooka kweli, ila ndani yake kulijaa makovu, na mtoto alipokuwa mtu mzima mguu ulikuwa mkavu, haukunjiki, unauma. Daktari Ignacio Ponseti, mzaliwa wa Hispania mwaka 1914 aliyehamia Marekani baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini kwao, aliwaona wagonjwa wa namna hiyo katika Chuo Kikuu cha Iowa, akatafuta njia nyingine. Aliipata katikati ya karne ya 20, lakini wenzake hawakumsikiliza kwa miongo mingi. Kitabu chake juu ya mguu huu kilitoka mwaka 1996, yeye akiwa na zaidi ya miaka 80. Leo njia yake ndiyo inayofuatwa karibu kila mahali, na tarehe 3 Juni, siku aliyozaliwa, huadhimishwa kwa ajili ya watoto hawa.

Namna yake ni hii. Mtoto wa wiki moja au mbili hulazwa mezani, mama akimnyonyesha palepale ili atulie. Mtaalamu hukaza kidole gumba kwenye kifupa kilichotokeza upande wa nje wa mguu, na kwa mkono wa pili huusukuma wayo polepole kuelekea nje, bila nguvu, bila kukishika kisigino, maana kisigino kitafuata chenyewe. Akifika mahali mguu unapokataa, anasimama hapo. Kisha unafungwa hogo, ile plasta ngumu ya mtu aliyevunjika, kuanzia vidoleni hadi juu ya goti. Baada ya wiki moja linatolewa, mguu unasukumwa tena kidogo, linafungwa jingine. Mahogo matano au sita hutosha kwa wengi. Mwishoni, kwa wengi, kano ya kisigino huwa bado fupi. Hukatwa kwa tundu dogo, mtoto akiwa amechomwa ganzi ya mahali pale tu, na hogo la mwisho hukaa wiki tatu wakati kano inaunga ikiwa ndefu zaidi. Samaki mkunje angali mbichi, walisema wahenga, na sioni mahali methali hiyo inapofaa kuliko kwenye meza hiyo.

Mama anayerudi nyumbani na mtoto mwenye hogo asililoweshe maji, na kila siku atazame vidole. Avibonyeze: vigeuke vyeupe, kisha wekundu urudi mara moja. Vikiwa vya baridi, vimevimba, vimebadilika rangi, au vimezama ndani ya hogo hata havionekani, asisubiri siku ya kliniki.

Sasa tufike penyewe. Hogo la mwisho likitolewa mguu ni mzuri kuutazama, na hapo ndipo familia nyingi zinapokosea. Mtoto hupewa viatu vilivyounganishwa kwa chuma chenye upana wa mabega yake, ncha za viatu zikitazama nje. Kwa miezi mitatu ya mwanzo anavivaa saa 23 kwa siku. Vinavuliwa akiogeshwa tu. Baada ya hapo anavivaa usiku na akilala mchana, hadi atimize miaka minne au mitano. Mguu huu una tabia ya kurudi, na sababu kubwa ya kurudi kwake ni viatu kuachwa.

Viatu hivyo si lazima viletwe kutoka Ulaya. Mwishoni mwa miaka ya 1990, katika kituo cha watoto wenye ulemavu cha Katalemwa jijini Kampala, mtaalamu Michiel Steenbeek na mafundi wa hapo walitengeneza aina inayoshonwa kwa ngozi na kuunganishwa kwa chuma cha kawaida, vitu vinavyopatikana sokoni kwetu. Vimevaliwa na watoto wa nchi nyingi. Kinachokosekana ni subira ya watu wa nyumbani.

Najua yanayosemwa. Bibi anasema mjukuu wake anateswa, maana usiku wa kwanza na wa pili mtoto hulia kweli. Huzoea, mradi asivuliwe leo na kuvalishwa kesho. Mtoto akishajua kilio kinavua viatu, atalia kila usiku. Jirani anasema watoto wa fulani walikuwa na miguu ya ajabu na ikajinyoosha yenyewe. Hapo jirani hakosei sana: watoto wengi wadogo wana nyayo bapa, na wengi hutembea vidole vikitazama ndani, na umri huyarekebisha hayo bila dawa. Mguu kifundo ni jambo jingine. Ukiusukuma kwa mkono haukubali kunyooka, na umri huuzidishia ugumu. Anayeweza kutofautisha ni mtu wa afya, kwa hiyo mkunga aitazame miguu siku ya kuzaliwa na aseme siku hiyohiyo.

Akina baba, nauli ya kliniki kila wiki ni kubwa kwa mama asiyeshika fedha. Ukiitoa kwa manung'uniko, wiki ya tatu atakwambia mtoto amepona, nawe utafurahi kuamini. Nenda naye angalau siku ya viatu, ufundishwe kuvivalisha: kisigino kishuke chini kabisa kwanza, ndipo kamba zikazwe. Kisha zigawaneni zamu za usiku. Mama akisafiri kwa msiba, viatu visipumzike kwa sababu hakuna mwingine ajuaye kuvifunga.

Na kama mtaani kwenu yuko mtoto wa miaka mitano au minane anayekanyagia ubavu wa mguu hata pameota sugu, na shule hajapelekwa kwa aibu, wazazi wake wasiambiwe kuwa wamechelewa. Mahogo yatakuwa mengi zaidi na huenda akahitaji upasuaji mdogo, lakini miguu ya watoto wa umri huo bado hunyooshwa. Mpelekeni wiki hii.