Bukavu: Mugonjwa wa moyo aelezwe koronarografi mbele ya kuuza kiwanja

Mara nyingi mambo yanaanza hivi. Muzee anapanda mulima kutoka soko la Kadutu, kifua kinamubana, anasimama kidogo, maumivu yanapungua. Kesho yake inakuwa vile vile. Hospitalini munganga anamupima, kisha anaandika neno moja la Kifaransa kwenye karatasi: coronarographie. Anasema kipimo hicho kinafanyiwa mbali, na mugonjwa mwingine anaingia.

Jioni familia inakutana. Kila mutu anasema amesikia «operesheni ya moyo». Wengine wanaanza kutafuta mununuzi wa kiwanja. Wengine wanasema kufunguliwa moyo ni kufa, heri muzee abaki nyumbani. Pande zote mbili zinaamua juu ya kitu ambacho hakuna aliyewaeleza.

Koronarografi ni foto ya mishipa ya moyo, si operesheni ya kufungua kifua. Moyo una mishipa yake unaoulisha damu. Mafuta yakijikusanya ndani yake, damu inapita kwa shida, na kifua kinauma mutu akipanda ao akifanya kazi nzito. Munganga anapitisha mupira mwembamba sana kwenye mushipa wa mukono, karibu na kiganja, ao kwenye kinena, mpaka ufike kwenye moyo. Anaingiza dawa yenye iyodi, na mashine ya radiografi inaonyesha pale mushipa umebanwa. Mara nyingi mugonjwa halazwi usingizi mzito: anatiwa ganzi pale sindano inapoingia tu, na anaweza kuongea na waganga. Dawa ikiingia anasikia joto mwilini kwa muda mufupi. Mara nyingi kazi haipiti saa moja.

Lakini kusema «ni foto tu» ni kudanganya pia. Damu inaweza kutoka ao kuvilia pahali pa sindano, dawa yenye iyodi inaweza kuleta alerji, na figo zaifu zinaweza kuumia. Shambulio la moyo ao kiharusi wakati wa kipimo ni mambo ya nadra, lakini yapo. Tena, waganga wakikuta mushipa umebanwa, wanaweza kuupanua siku ile ile na kuweka stenti, bomba ndogo ya waya inayoshikilia mushipa ubaki wazi. Stenti ina bei yake. Familia iliyobeba feza za foto pekee mpaka Kampala ao Dar es Salaam inaweza kukwama huko.

Na si kila mugonjwa wa moyo anahitaji kipimo hiki. Katika Afrika, watu wengi moyo wao umechoka kwa sababu ya presha iliyokaa miaka bila dawa. Wengine valvu za moyo ziliharibika kufuatia homa ya rimatizimu ya utotoni. Kwao, mara nyingi ekografi ya moyo ndiyo inajibu maulizo ya kwanza.

Basi mbele ya kusaini, mugonjwa aulize: Munganga anatafuta nini? Matokeo yatabadilisha nini katika matunzo? Kuna kipimo kingine cha kutangulia? Mushipa ukikutwa umebanwa, stenti itawekwa siku hiyo, na kwa feza ngapi? Naye aseme dawa zote anazokunywa, zaidi sana za sukari na za kuzuia damu kuganda, na kama figo zake zina shida. Akirudi, alete CD na ripoti, ili munganga wa hapa asianze upya.

Waganga watajibu kwamba mustari wa wagonjwa ni murefu. Ni kweli. Lakini kueleza ni sehemu ya matunzo, na muuguzi anayezungumza Kiswahili ao Mashi anaweza kuifanya kwa dakika kumi, na muchoro wa moyo kwenye karatasi. Saini ya mutu asiyeelewa alichosaini haimulindi yeye, na haimulindi munganga.

Jambo moja haliingojee mikutano ya familia: mutu ambaye kifua kinamubana na hakiachi hata akipumuzika apelekwe hospitali saa ile ile. Kwa wengine wote, maulizo kwanza, kiwanja nyuma.