Seriamu ya Mrima na Ilimu Iliyomo Ndani Yake

Kila kinapotajwa Kilima cha Mrima, kilichoko Kwale kusini mwa pwani yetu, mazungumzo, hata huku Jilore ukingoni mwa Sabaki, huwa ni ya bei ya madini adimu na ya nani atapewa kibali cha kuyachimba. Nami nakiri kuwa hayo ni maswali ya haki, khususan kwa ndugu zetu Wadigo ambao msitu wa kilima kile ni kaya yao, bali nasikitika kuwa aghalabu hatuulizi madini yenyewe yana tabia gani.

Miongoni mwake imo seriamu, metali ya ajabu. Mwaka 1979 Frank Steglich na wenzake huko Ujerumani walitangaza kwamba mchanganyiko wa seriamu, shaba na silikoni, ukipozwa hadi takriban nusu digrii juu ya sifuri halisi, baridi ambayo hakuna baridi kuishinda, hupitisha umeme pasipo ukinzani wowote, ilhali wataalamu wa zama zile waliamini kuwa usumaku wa atomi kama hizo huizuia kabisa hali hiyo. Elektroni zake huenda kana kwamba kila moja ina uzito wa mamia ya elektroni za kawaida, mfano wa mtu apitaye tope la Sabaki baada ya mafuriko.

La kustaajabisha zaidi ni kwamba metali za jamaa hii zaweza kuhama kutoka hali ya usumaku hadi hali isiyo na usumaku bila ya joto kuhusika, kwa kugandamizwa tu au kwa nguvu ya sumaku ya nje; na penye mpaka huo ile kanuni itokanayo na nadharia ya Lev Landau, kwamba ukinzani wa metali iliyo baridi mno huongezeka kwa mraba wa halijoto, huvunjika, kwani katika mchanganyiko wa iterbiamu, rodiamu na silikoni ukinzani huongezeka sambamba na halijoto yenyewe, wala hadi leo haijapatikana nadharia iliyoafikiwa na wote kueleza sababu.

Maabara ya baridi kama hiyo ni ghali, kweli. Lakini mwaka 2012 ilifanyika Eldoret skuli ya Afrika ya kukokotoa mienendo ya elektroni kwa kompyuta, na elektroni za seriamu ni katika zile zinazozishinda hesabu za kawaida za namna hiyo. Basi mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Pwani, pale Kilifi, aweza kuanzia hapo. Kwa hiyo naona kuwa, iwapo Mrima itachimbwa, sehemu ya mapato itengewe masomo ya fizikia ya metali chuoni humo, na baadaye maabara, na jambo hilo liwe kifungu cha mkataba, kimetiwa saini kabla kibali hakijatolewa.