Nyayo Juu ya Theluji

BARAZA LA IJUMAA
Na Sumaili Feruzi, Kasongo

Mpwa wangu mmoja, ambaye riziki ilimpeleka hata Quebec nchini Canada, na ambaye utoto wake wote aliumaliza hapa Kasongo akikimbilia nje kila inyeshapo mvua ya mawe ili aokote zile punje za barafu kabla hazijamyeyukia mkononi, aliniletea mwezi uliopita ujumbe wa sauti kwa simu, akinitaka shauri juu ya jambo ambalo sikupata kudhania kwamba litanijia mimi, mtu wa upande wa Lualaba nisiyeijua theluji ila kwa kusimuliwa. Alisema kwamba amejifunza kuteleza kwa skii, zile mbao mbili nyembamba zifungwazo miguuni, na kwamba siku za mapumziko yake huingia msituni peke yake. Lakini sasa, baada ya misimu miwili, ari imemwisha. "Mjomba," alisema, "nikianguka hakuna wa kunicheka, na nikienda vizuri hakuna wa kuniona. Nifanyeje nisiache?"

Nilicheka, kisha nikaona haya kwa kucheka kwangu. Theluji iliyo karibu nasi kuliko zote katika nchi hii iko Ruwenzori, kwenye mpaka wetu na Uganda, ambako kilele cha Margherita kimefika mita 5,109, na hata hiyo yapungua mwaka kwa mwaka. Vijana wetu waliosomeshwa Kifaransa huiita neje, na aghalabu hawajui jina lake jingine. Bendera ya Kongo haijapata kupeperushwa katika Olimpiki za majira ya baridi. Basi ni elimu gani niliyonayo ya kumpa mtu aliyekwisha anguka juu ya theluji mara mia?

Lakini niliposikiliza tena ule ujumbe niliona kwamba swali lake si la theluji hata kidogo. Rafiki zake, kama alivyonieleza, wamemwambia ajipe moyo, na maneno hayo ndiyo yanayouzwa siku hizi kila mahali, redioni na katika mahubiri na kwenye simu, kana kwamba moyo ni mafuta ya taa ambayo mtu hununua chupa nyingine ikiisha ya kwanza. Mimi siafikiani nao. Mtu aliyetoka kazini usiku, akalala saa chache, akaamka akaenda kuteleza katika baridi ambayo sisi hatuwezi hata kuiwaza, huyo hakukosa moyo, amekosa jicho. Yeye afanyaye jambo peke yake hajui kama amesogea au amesimama pale pale, na asiyejua kama anasogea hana budi kuchoka, hata angekuwa na moyo wa simba.

Chukueni habari ya Philip Boit, Mkenya wa Eldoret, ambaye ami yake Mike Boit alipata medali ya shaba katika mbio za mita 800 kule Munich mwaka 1972. Philip naye alikuwa mkimbiaji. Theluji aliiona kwa macho yake mara ya kwanza mwaka 1996, alipopelekwa Finland pamoja na mwenziwe Henry Bitok kwa gharama za kampuni ya viatu ya Nike, ili ijulikane kama miguu iliyozoea vumbi la Bonde la Ufa yaweza kuzoea na barafu. Miaka miwili tu baadaye, mwezi wa Februari 1998, alisimama Nagano, Japani, kwenye mashindano ya kilomita 10. Katika mashindano hayo wachezaji hawaondoki kwa pamoja kama farasi. Huachiwa mmoja mmoja, nusu dakika baada ya nusu dakika, kila mtu akashindana na saa, hata waweza kusema kwamba wote huteleza peke yao. Bjørn Dæhlie wa Norway alitumia dakika 27 na sekunde 24, akatwaa dhahabu yake ya sita ya Olimpiki, jambo ambalo hakuna mwanamume aliyelifikia kabla yake katika michezo ya baridi. Boit alitumia dakika 47 na sekunde 25, akawa wa 92, yaani wa mwisho. Dæhlie akangojea, sherehe ya kutoa medali ikangojea pamoja naye, hata Mkenya alipofika akamkumbatia. Na Boit aliporudi kwao akampa mtoto wake jina la Daehlie.

Kisa hicho husimuliwa sana kwa ajili ya lile kumbatio, na ni kizuri. Walakini mimi hunivutia zaidi sehemu isiyosimuliwa, kwamba mtu huyo alirudi tena Salt Lake City mwaka 2002, akarudi na Torino mwaka 2006. Kumbatio la dakika moja halimpeleki mtu miaka minane mbele. Kilichompeleka, kwa kadiri nionavyo, ni kwamba huko Finland alikuwa na mwalimu wa kumwangalia miguu, na alikuwa na saa, na saa haina haya wala huruma: leo dakika kadha, kesho pungufu ya hizo. Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyelelewa Austria, naye aliingia Pyeongchang mwaka 2018 hali ya kuwa Mkenya pekee katika Olimpiki zile. Lakini upekee wa bendera ni kitu kimoja, na upekee wa mazoezi ni kitu kingine.

Nilimwomba mpwa wangu anieleze kazi yenyewe jinsi ilivyo, nikafahamu mambo machache. Mwendo wa kale wa skii, ambao ndio wake, ni kusukuma kwa mguu mmoja na kuteleza kwa mwingine. Chini ya ubao, katikati mahali pa kukanyagia, hupakwa nta inayoshika theluji pindi mtu akandamizapo, na ikaachilia pindi anyanyuapo uzito. Siri yote imo katika kuuhamisha mwili mzima, kabisa, juu ya ubao mmoja, kisha juu ya mwenziwe. Mwanafunzi huogopa, akasimama juu ya zote mbili kwa wakati mmoja, kama avukaye mto kwa gogo, na hapo hatelezi bali huburura. Tena kwa kuwa fimbo zake mbili humsaidia kujivuta, huenda akasafiri kilomita nyingi pasipo kujua kwamba miguu yake haifanyi kazi. Hiyo ndiyo hatari ya kujifunza faraghani: kosa lirudiwalo mara elfu pasipo wa kulirudi hugeuka tabia, na mwenye nalo huliita ujuzi.

Sisi wa Kasongo tulipaswa kulijua hili kuliko watu wengi, kwa maana mji huu umekuwa na vyuo vya Kurani tangu siku za wafanyabiashara wa karne ya kumi na tisa, kina Hamed bin Muhammed el Murjebi, na kila aliyekaa mkekani chuoni akumbuka kwamba mwalimu hakumwacha mtu adurusu peke yake juma zima. Uliisoma sura yako nyumbani, usiku, kwa taa, ukaipenda sauti yako mwenyewe. Asubuhi ukaja mbele yake, naye akakusimamisha kwenye herufi ya tatu. Mimi binafsi nilitamka herufi moja vibaya mwaka mzima wa likizo na maradhi, nikiwa na bidii isiyo kifani, na kuling'oa kosa lile kulinichukua muda mrefu kuliko kulipanda.

Na kama mtu atasema kwamba wako walioendelea wakiwa peke yao, basi na aangalie vizuri huo upweke wao. Daktari Livingstone alirudi Kabambare, ambapo yeye alipaita Bambarre, mwezi wa Julai 1870, vidonda vimemshika miguuni, akakwama hapo hata Februari 1871. Aliandika kwamba alipokuwa Maniema aliisoma Biblia yote mara nne. Wazungu wamelifanya jambo hilo kuwa mfano wa upweke mkuu. Ilhali Susi, Chuma na Gardner walikuwa naye, na wenyeji wakimlisha; upweke wa wakubwa mara nyingi una watu watatu ndani yake wasiohesabiwa. Hata hivyo jambo moja lake nalisifu. Karatasi zilipomwishia aliandika juu ya magazeti makuukuu, kwa wino wa mimea ya nchi hii, kwa maana alitambua kwamba siku isiyoandikwa hufanana na jana yake.

Basi nilimjibu mpwa wangu, nikamwambia kwamba yeye amejaliwa daftari ambalo Livingstone hakuwa nalo. Theluji mpya huandika. Akishateleza hatua hamsini na asimame, ageuke, asome nyuma yake: mistari ya kulia na kushoto ikilingana urefu, mwili unahama; mmoja ukiwa mfupi, mguu huo waogopa; tundu za fimbo zikiwa karibu karibu, mikono ndiyo inayofanya kazi ya miguu. Siku nyingine aziache fimbo garini, aende kwa miguu mitupu, maana yake pasipo fimbo. Na aingiapo msituni amwambie mtu njia atakayopita na saa atakayorudi, kwa kuwa baridi ile haimngoji aliyevunjika mguu.

Kisha nikamweleza habari za vijana wetu wanaosukuma baiskeli kati ya Kabambare na Kasongo, wenye madumu ya mawese na magunia ya mchele, mti wa kushikia umefungwa kwenye usukani, wakipanda vilima kwa kifua na kushuka kwa kuzuia gurudumu kwa ndala. Wengi wao huwa peke yao njia nzima. Siku moja nilimwuliza mmoja wao ni nani anayempa moyo. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto, akasema kwamba yeye hahesabu safari, huhesabu vilima, na kilima alichokipanda juzi kwa kupumzika mara tatu, leo amekipanda kwa mara mbili.

Juma lililopita mpwa wangu aliniletea picha ya mistari yake juu ya theluji. Wa kushoto ni mfupi, dhahiri, hata mimi niliuona. Nimemwandikia hivyo, naye amejibu kwamba Jumamosi atarudi msituni kuushughulikia mguu ule.

Nami nawaomba mafundi, walimu na maseremala wa Kasongo na Kabambare mliokwisha acha kazi: vijana wanaojifundisha peke yao, kwa simu na kwa vitabu vilivyochanika, ni wengi kuliko mnavyodhani. Kaeni barazani saa moja kila Ijumaa baada ya sala, na kila Jumapili baada ya misa, mtu akija na kazi yake mkononi mwonyesheni penye kosa.