Kwa Nini Mashine Ilisema Hayumo



Juma moja binti alishuka toka milimani, upande wa Chome, mpaka ofisini kwetu Same. Alitaka cheti cha ubatizo, maana harusi ilikuwa karibu. Nikaandika jina lake katika kompyuta, nayo ikajibu: Hayumo. Nami kwa upumbavu nikamwambia, "Dada, labda ulibatizwa kwingine." Akalia. Mama yake akasema, "Mwanangu karani, mimi ndimi niliyembeba siku ile, tena katika kanisa hili hili." Nikafungua kitabu cha zamani cha wino. Jina lilikuwamo.

Jina lake lina ng' ya ng'ombe. Basi sikilizeni habari ya ritifaa, yaani kile kijialama kinachofuata ng.

Kompyuta haijui herufi, inajua namba tu, na lazima iwe na jedwali la kuiambia namba ipi ni herufi ipi. Jedwali liitwalo ASCII lilitolewa Marekani mwaka 1963, mwaka ule ule Same ilipofanywa Prefektura ya Kitume. Humo ritifaa iliyosimama wima ni namba 39. Lakini majina yetu yalichapwa kwanza katika programu ya kuandikia barua, ambayo hupenda kuipinda ritifaa ili ipendeze. Hiyo iliyopinda haimo katika ASCII. Katika jedwali la UTF-8 huandikwa kwa namba tatu: 226, 128, 153. Jedwali la zamani la Windows, liitwalo 1252, husoma kila namba kama alama ya peke yake, ndipo ng'ombe anapogeuka kuwa ngâ€™ombe!

Programu ya kutafuta majina niliiandika kwa Pascal, lugha ya kuiamuru kompyuta aliyoitunga Niklaus Wirth wa Uswisi mwaka 1970. Aliipa jina la Blaise Pascal, Mkatoliki wa Ufaransa, ambaye mwaka 1642, angali kijana, alianza kuunda mashine ya hesabu ili amsaidie baba yake kazi ya kodi. Pascal hulinganisha namba kwa namba: 39 si 226, basi hayumo.

Nilihangaika siku mbili, maana kwenye kompyuta nyingine, yenye Linux, majina yalionekana safi kabisa. Macho yalinidanganya. Mwishowe niliuliza urefu wa neno. Ng'ombe niliyemwandika mimi alikuwa 7, wa kwenye faili alikuwa 9. Nikaamuru zichapwe namba badala ya herufi, nikaziona zile tatu.

Sasa ritifaa iliyopinda hugeuzwa kuwa 39 kabla ya kutafuta, na faili zote husomwa kwa UTF-8 katika kompyuta zote mbili. Kazi hiyo niliifanya kwenye nakala, nikailinganisha na kitabu ukurasa kwa ukurasa.

Binti alipata cheti chake siku ile ile, kwa mkono. Kama nilipata kumwambia mtu wa nyumba yako "hayumo", na jina lina ng', tafadhali arudi, aje na mwaka wa ubatizo. Kitabu kipo.