Wapangaji wa Zamani Waandikwe Kwanza

Mwishoni mwa miaka ya 1930, Manispaa ya Nairobi ilipokivunja kijiji cha Pangani, ambacho wenyeji wake walikuwa wamejijengea nyumba kwa mikono na fedha zao na kupangisha vyumba, wengi walihamishiwa Shauri Moyo, katika nyumba za manispaa. Wakuu wa mji waliliona jambo hilo kuwa la usafi na maendeleo. Waliohamishwa walipoteza milki.

Nayakumbusha haya kwa sababu Shauri Moyo sasa imo miongoni mwa mitaa ya Eastlands iliyotajwa katika mpango wa nyumba za bei nafuu. Serikali iliyotangulia iliahidi nyumba 500,000 kufikia mwaka 2022, wala haikukaribia. Hii ya sasa imejiwekea 200,000 kila mwaka, na kwa sheria ya Machi 2024 mfanyakazi hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake, na mwajiri huongeza kiasi hicho hicho. Kwamba makao yanahitajika ni jambo lisilo na shaka, na Katiba ya 2010, katika kifungu cha 43, imeyafanya kuwa haki.

Walakini hesabu hiyo ya nyumba ina kasoro. Mtaa wa vyumba mia ukibomolewa na nyumba elfu zikasimama mahali pake, taarifa itasema elfu, wala haitauliza wale wa vyumba mia wamekwenda wapi. Fundi wa jua kali wa Kamukunji na muuza mitumba wa Gikomba hawakuchagua Shauri Moyo kwa uzuri wa kuta zake. Waliichagua kwa kuwa huenda kazini kwa miguu, na ukimpeleka mtu huyo Kitengela umemwongezea nauli na kumpunguzia wateja, hata kama dari ya huko haivuji. Tena aghalabu aliye chumbani siye aliyeandikwa katika daftari la wapangaji la kaunti, bali amepangishwa na aliyepangishwa, naye ndiye wa kwanza kusahauliwa.

Kwa hiyo nasema kwa moyo mkunjufu lakini bila kusita: kabla tingatinga halijawashwa, kila anayelala mtaani aandikwe, wa daftari na asiye wa daftari, orodha ibandikwe ofisi ya chifu wazi kwa wote, kila mmoja apewe hati inayokubalika mahakamani ya kurudi kwa kodi anayoiweza, na kodi ya muda wa kungojea ilipwe na mradi. Na waziri anapotangaza idadi ya nyumba zilizokamilika, atangaze papo hapo idadi ya wapangaji wa zamani waliokwisha kurudi.