SIKIO LA MTOTO SI SIKIO LA KUFA

Ndugu wanaushirika, ndugu wazazi wa Bombambili,

Tuna neno moja tunalolitumia kwa mambo mawili, na neno hilo linawaponza watoto wetu. Tunasema, "Mtoto huyu hasikii." Tuna maana kwamba ni mtukutu, mkaidi, wa kuchapwa. Lakini wapo watoto ambao hawasikii kweli kweli. Sikio linatoka usaha, au limezibwa na nta, au ngoma ya sikio imetoboka. Mwalimu anaita jina, mtoto anatazama dirishani. Akiulizwa hiki anajibu kile, darasa zima linacheka, fimbo inafuata. Jioni nyumbani anaagizwa chungu, analeta chumvi. Fimbo nyingine. Halafu sisi wakubwa tunamalizia na methali: sikio la kufa halisikii dawa.

Jamani! Sikio hilo si la kufa. Dawa ndiyo haijaletwa.

Gazeti hili linasema wazi: kila mtoto wa shule ya msingi apimwe masikio shuleni, bure, kila mwaka, na ushirika wetu uwe mbele katika jambo hili. Hatuombi hisani. Tunadai haki ya mtoto.

Wapo watakaosema: sisi tumo ndani ya Manispaa, hospitali ya mkoa ipo Songea, Peramiho nako ipo, mwenye shida si aende? Hayo ni maneno ya mtu mwenye nauli mfukoni. Tena mgonjwa wa malaria anajijua, homa inamlaza. Mtoto aliyezoea kusikia nusu hajui kwamba wenzake wanasikia nzima, atalalamika nini? Mzazi naye akiona usaha anasema, ah, mambo ya utoto, yatapita. Basi hospitali inamngoja mtoto, na mtoto hajui kama anangojwa. Ndiyo maana kipimo lazima kimfuate alipo, yaani shuleni.

Mwaka 1996 watafiti Minja na Machemba walichapisha matokeo ya kupima watoto wa shule za msingi huko Dar es Salaam, mjini na mashambani. Katika shule za mashambani, watoto zaidi ya 9 katika kila 100 walikuwa na ugonjwa wa sikio wa muda mrefu, ule wa usaha. Mjini alikuwa mtoto 1 na ushee. Mkoa ni ule ule! Ugonjwa huu unafuata umaskini, na usipotibiwa unakula usikivu wa mtoto kidogo kidogo. Nalo Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika kila watoto 10 waliopungukiwa na usikivu, 6 wangeweza kuepushwa. Sita! Hao hawakuandikiwa na Mungu. Ni uzembe wetu.

Sasa tazameni mambo yalivyo. Sera ya afya inasema mtoto wa chini ya miaka 5 atibiwe bure. Ada ya shule ya msingi ilifutwa mwaka 2001, na mwaka 2016 ikafutwa hadi kidato cha nne. Vizuri sana. Lakini mtoto akishaingia darasa la kwanza, ile miaka 5 ameipita. Mlango wa shule unafunguliwa na mlango wa tiba ya bure unafungwa. Kwa hiyo tumemfutia ada ili akae bure mahali asipomsikia mwalimu! Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, nayo ni hatua. Ila bima humlipia aliyekwenda kutibiwa. Haimtafuti asiyejua kwamba anaumwa.

Jambo jingine tuliseme bila kuficha. Hatutaki upimaji wa mapicha. Mnaujua: gari linakuja, kitambaa cha maandishi kinatundikwa, hotuba saa mbili nzima, watoto wamepangwa juani, wanachunguliwa masikio, picha zinapigwa, gari linaondoka. Aliyekutwa na usaha anapewa karatasi ya kwenda hospitali, na nauli hana. Karatasi inaishia kuwashia moto jikoni. Upimaji usiofuatwa na tiba ni kumdanganya mtoto.

Kazi yenyewe si ya miujiza. Mhudumu wa afya mwenye kitochi cha kutazamia sikio anaona nta, usaha na tundu kwa dakika chache tu. Usikivu nao unaweza kuchunguzwa kwa kuanzia na kunong'ona: mpimaji anasimama nyuma ya mtoto, kama urefu wa mkono, sikio moja limezibwa, ananong'ona maneno, mtoto anayarudia. Anayeshindwa anapelekwa kwa mtaalamu. Kwa hili tushindwe?

Eti kazi ya serikali! Ni kweli, na serikali tuidai wataalamu na dawa. Lakini mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 nchini walikaa vikundi vikundi wakasikiliza redio, kisha wakaenda kuchimba vyoo kwa mikono yao. Na hapa hapa Songea, watu wa Litowa walikuwa na shule waliyoiendesha wenyewe, kabla chama chao cha maendeleo hakijavunjwa mwaka 1969. Hata msingi wa 7 wa ushirika duniani, uliopitishwa mwaka 1995, unatutaka tuijali jamii. Ushirika wa kupima mazao tu, huo ni mzani, si ushirika.

Kwa hiyo tunapendekeza kwenye mkutano mkuu:

1. Zikatwe shilingi 2 kwa kila kilo ya mbaazi, soya na ufuta inayopita ghalani kwetu. Hesabu ibandikwe ukutani hapa, kila mtu aisome.

2. Kamati imwone Mganga Mkuu wa Manispaa na walimu wakuu, upimaji ufanyike kila Januari shule zikifunguliwa.

3. Nauli na dawa ya kila mtoto atakayekutwa na tatizo itoke kwenye fedha hiyo, na kamati imfuatilie mpaka apone.

4. Mtoto asichapwe kwa "kutosikia" kabla hajapimwa. Akikutwa na tatizo, akae dawati la mbele.

5. Mafuta ya taa, mafuta ya kupikia, maji ya majani na njiti za kiberiti ni marufuku ndani ya sikio la mtoto. Sikio likitoka usaha, zahanati.

Ndugu, gunia likitoboka tunalishona siku ile ile, maana tunaona mahindi yanamwagika. Masomo ya mtoto yanamwagika kila siku darasani na hatuyaoni. Njooni mkutanoni, mama na baba, mkono ujulikane umenyooshwa upande gani.

Mtu ni afya. Ushirika ni nguvu.

Mwanaushirika mwenzenu